Pespektivu na Nukta ya Kutowekea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojifunza Kuchora

Pespektivu ni nini hasa?

Pespektivu ni utaratibu wa kuchora vitu vyenye urefu, upana na kina juu ya karatasi isiyo na kina, ili mtu anayeitazama karatasi hiyo aone ukaribu na umbali kama ambavyo angeuona lau angesimama pale pale aliposimama mchoraji. Maneno ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo yenye uzito kuliko yote. Wengi hujifunza pespektivu kama kanuni za rula, wakasahau kwamba mistari yote inayochorwa hutawaliwa na jambo moja, nalo ni mahali jicho lilipo. Mchoraji akisogea hatua mbili kulia, akiketi, au akipanda juu ya kiti, mistari yote hubadilika ingawa nyumba anayoichora haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo, kabla ya kushika rula, jiulize: jicho langu liko wapi, nalo linaelekea wapi? Majibu mengi yanayofuata hapa chini hurudi kwenye swali hilo.

Nukta ya kutowekea ni kitu kilichopo kweli, au ni mbinu ya wachoraji tu?

Reli ya zamani ya Kati, itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, na vyuma hivyo havikaribiani njia nzima. Vingekaribiana, treni ingeacha njia. Hata hivyo mtu anayesimama kwenye kivuko cha reli na kutazama mbali huona vyuma viwili vikisogeleana mpaka vinakuwa kitu kimoja.

Sababu yake huonekana ukipiga hesabu. Chukulia kwamba kuna kioo cha dirisha sentimita 50 mbele ya jicho lako, nawe unachora juu ya kioo hicho kile unachokiona nyuma yake. Upana wa reli ulio mita 10 kutoka kwako utachukua sentimita 5 za kioo. Ulio mita 100 utachukua milimita 5. Ulio mita 1,000 utachukua nusu milimita, yaani unene wa mstari wa penseli iliyochongwa vizuri. Umbali ukiongezeka mara mbili, kipimo hupungua kwa nusu, lakini hakifikii sifuri. Nukta ya kutowekea ni mahali kwenye kioo ambapo vyuma vyote viwili huelekea bila kupafikia. Nukta hiyo, basi, haipo kule relini. Ipo kwenye kioo, ambacho kwako ni karatasi, na imewekwa hapo na jicho lako.

Kuna njia rahisi ya kuipata bila kuchora chochote. Nyoosha mkono wako uwe sambamba na reli, au na ukingo wa meza, au na mstari wa matofali ukutani. Pale kidole kinapoelekea ndipo ilipo nukta ya kutowekea ya mistari hiyo na ya mistari mingine yote iliyo sambamba nayo, iwe karibu nawe au mbali. Kanuni hii moja ukiielewa, nyingine nyingi utazigundua mwenyewe.

Upeo wa macho nitauweka wapi ikiwa niko chumbani, au ikiwa mbele yangu kuna milima?

Upeo wa macho katika uchoraji ni kimo cha jicho lako, si mahali ambapo ardhi inaonekana kukutana na mbingu. Baharini mambo haya mawili hulingana, na ndiyo maana ufukweni ni mahali pazuri pa kujifunzia. Keti mchangani, utaona mstari wa bahari uko sawa na macho yako. Simama, nao mstari utapanda pamoja nawe. Mtu aliyesimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu huuona mstari huo huo ukiwa mbele ya macho yake, na ngalawa ambayo kwa aliyeketi mchangani mlingoti wake ulikata mbingu, kwake yote imezungukwa na maji.

Milima haibadilishi kitu. Mtu aliye Morogoro mjini akiitazama milima ya Uluguru, ukingo wa milima unaokata mbingu uko juu sana ya upeo wake wa macho, na akiuchukua ukingo huo kama upeo, nyumba zote zilizo mbele ya milima zitaonekana kana kwamba zimetazamwa na ndege. Ndani ya chumba, jaza glasi maji nusu, kisha iinue polepole mbele ya uso wako. Kwanza utauona uso wa maji kwa juu kama duara lililobanwa; endelea kuinua mpaka duara hilo ligeuke mstari mmoja mwembamba. Kimo hicho ndicho upeo wako. Weka alama ndogo ukutani mahali hapo.

Faida yake huonekana zaidi unapochora watu. Ukisimama kwenye uwanja tambarare miongoni mwa watu wa kimo chako, vichwa vyao vyote, wa karibu na wa mbali, vitagusa mstari wa upeo. Miguu ndiyo itakayopanda kadiri mtu anavyokuwa mbali. Ukichora umeketi kwenye mkeka, nao wamesimama, upeo utapita karibu na nyonga zao. Nimeona michoro mingi ya masoko ambamo watu wa nyuma wanaelea hewani au wanaonekana kama watoto waliovaa nguo za watu wazima, na mara nyingi kosa ni hili tu.

Nitajuaje kama nitumie nukta moja, mbili au tatu?

Idadi ya nukta hutokana na jinsi unavyokikabili kitu, kwa hiyo haichaguliwi kama rangi. Ukikabili ukuta uso kwa uso, kama mtu anayetazama mwisho wa ushoroba mrefu wa shule, mistari ya mlalo ya ukuta huo hubaki mlalo, mistari ya wima hubaki wima, na ni mistari inayokwenda mbali nawe tu ndiyo inayotowekea kwenye nukta moja. Ukikabili kona ya duka, kuta mbili zinakwenda mbali nawe, moja kushoto na nyingine kulia, kila moja ikiwa na nukta yake juu ya mstari wa upeo. Ukiinua uso kutazama jengo refu kama lile la mikutano la KICC jijini Nairobi, lenye urefu wa mita 105, hata mistari ya wima huanza kukaribiana kuelekea juu, nayo huhitaji nukta ya tatu.

Ila tatu si mwisho. Kila kundi la mistari iliyo sambamba lina nukta yake. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar ujaribu kuchora kichochoro chochote kwa nukta moja: utapata njia iliyonyooka kama mfereji, isiyofanana na unachokiona. Nyumba za pale hazikupangwa kwa kamba. Moja imegeukia kidogo upande huu na jirani yake upande ule, kwa hiyo kila nyumba ina jozi yake ya nukta, na jozi hizo zote, maadamu mistari yenyewe ni ya mlalo, hukaa juu ya upeo mmoja. Upeo ndio unaoziunganisha. Mwanafunzi akielewa hivyo, kichochoro huacha kumtisha.

Nianzeje kuchora ushoroba au chumba kwa nukta moja?

Anza na ukuta wa mwisho, ambao ni mstatili wa kawaida. Uchore mdogo, kwa sababu mwanzoni karibu kila mtu huuchora mkubwa mno. Pitisha upeo wa macho kwa kulinganisha: ikiwa mlango ulio kwenye ukuta huo una urefu wa mita 2 na jicho lako liko mita 1.5 juu ya sakafu, upeo utapita kwenye robo tatu ya mlango kutoka chini. Juu ya upeo huo weka nukta ya kutowekea, mkabala na mahali ulipo; ukisimama karibu na ukuta wa kushoto, nukta nayo itakuwa upande wa kushoto. Kutoka kwenye nukta, pitisha mistari hafifu kwenye pembe nne za mstatili na kuendelea hadi kingo za karatasi. Hiyo tayari ni sakafu, dari na kuta mbili. Vizingiti vya milango, kingo za madirisha, mabenchi na mistari ya vigae inayokwenda mbali huvutwa kutoka kwenye nukta ile ile.

Usikoleze penseli mapema. Mistari ya ujenzi ikikolezwa, raba hutoboa karatasi kabla ya picha kukamilika.

Nitapimaje nafasi kati ya nguzo za umeme zinazozidi kuwa ndogo?

Wengi hukisia, na macho ya mtazamaji huligundua hilo hata kama hawezi kulieleza. Utaratibu sahihi hauhitaji hesabu. Chora nguzo ya kwanza. Kutoka kileleni na kutoka chini yake, vuta mistari miwili hadi kwenye nukta ya kutowekea; nguzo zote zitakaa kati ya mistari hiyo. Weka nguzo ya pili mahali panapokuridhisha, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee uliyo na uhuru nayo. Kisha tafuta katikati ya nguzo ya pili, weka rula kwenye kilele cha nguzo ya kwanza, ipitishe kwenye hiyo katikati, na uendelee mpaka ukutane na mstari wa chini. Hapo ndipo inaposimama nguzo ya tatu. Rudia kutoka kilele cha pili kupitia katikati ya tatu, na kuendelea.

Njia hii hufanya kazi kwa sababu katika mstatili wowote, mistari miwili inayotoka pembe hadi pembe ya mkabala hukatana katikati, na ukweli huo haupotei mstatili unapotazamwa kwa upande. Nguzo ya kwanza na ya tatu ni kingo za mstatili, na ya pili husimama katikati yake. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kuweka mlango katikati ya ukuta unaokwenda mbali, usipime kwa rula. Chora mistari ya pembe hadi pembe, na pale inapokatana ndipo katikati yake. Utaona kwamba katikati hiyo iko mbali kuliko ulivyodhani.

Kwa nini kasha nililochora kwa nukta mbili linaonekana limevutwa, na pembe yake ya mbele imechongoka?

Nukta zako mbili ziko karibu mno. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko jingine lolote, na chanzo chake ni kwamba mchoraji anataka nukta zote zikae ndani ya karatasi. Jicho lililotulia huona vizuri eneo la nyuzi 60 hivi, na picha inayozidi eneo hilo huanza kunyumbuka pembeni. Kwa karatasi yenye upana wa sentimita 30, ambayo ni karibu sawa na A4 iliyolazwa, hesabu ya nyuzi 60 inaweka jicho sentimita 26 mbele ya karatasi. Na kwa kona iliyokukabili sawasawa pande zote mbili, nukta zinapaswa kuachana sentimita 52 au zaidi. Kwa maneno mengine, zote mbili zitakuwa nje ya karatasi.

Bandika karatasi mezani kwa utepe wa gundi, weka nukta juu ya meza yenyewe au kwenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa pembeni, kisha choma pini na ufunge uzi kwenye kila moja. Uzi ukivutwa utakuonyesha mwelekeo wa kila mstari. Ukichora kwa programu ya kompyuta au tableti, ni rahisi zaidi kusogeza nukta nje ya ukurasa, lakini kosa la kuzikaribisha hubaki lile lile.

Na vitu vya mviringo, kama ndoo na sufuria?

Duara likitazamwa kwa upande huwa duaradufu. Lililo sawa na upeo wa macho huwa mstari, na kadiri linavyoshuka chini ya upeo ndivyo linavyofunguka na kukaribia kuwa duara kamili. Kwa hiyo ukiitazama ndoo iliyo sakafuni, duaradufu ya kitako chake imefunguka kuliko ya mdomo wake, ingawa wanaoanza huchora kitako kama mstari ulionyooka kwa sababu wanajua kwamba ndoo imekaa imara. Makosa mengine ni ncha: duaradufu haina pembe kali kushoto wala kulia, bali hugeuka taratibu kama ukingo wa yai. Chora mraba kwa pespektivu kwanza, kisha chora duaradufu ndani yake ikigusa katikati ya kila upande.

Paa la mabati na barabara ya mteremko vina nukta wapi?

Si kwenye mstari wa upeo. Mistari ya mlalo pekee ndiyo inayotowekea kwenye upeo wenyewe. Barabara inayopanda mlima ina nukta yake juu ya upeo, na inayoshuka ina nukta yake chini ya upeo; barabara ikiwa imenyooka upande mmoja wakati wote, nukta hizo hupangana wima, moja juu ya nyingine. Kingo za paa zinazopanda kutoka kwenye kuta hadi mgongoni hufuata kanuni hiyo. Jaribu tena kidole: kinyooshe sambamba na mteremko, nawe utaona kinaelekea angani au ardhini.

Nani aliyeanzisha mambo haya?

Mtu anayetajwa kwa kawaida ni Filippo Brunelleschi, msanifu majengo wa Florence, Italia, aliyechora mwanzoni mwa karne ya 15 ubao mdogo wenye picha ya jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu la mji huo. Alitoboa tundu kwenye ubao. Mtazamaji aliweka jicho nyuma ya tundu na kuiona picha ikiakisiwa kwenye kioo alichokishika mbele yake, huku sehemu ya mbingu ikiwa imepakwa fedha iliyong'arishwa ili iakisi mawingu halisi yanayopita. Tundu hilo ndilo jambo linalonigusa kila ninapolikumbuka: Brunelleschi hakumwachia mtazamaji uhuru wa kusimama popote, kwa sababu alijua kwamba picha ni ya kweli kutoka mahali pamoja tu. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika utaratibu huo, akiifananisha picha na dirisha lililofunguliwa.

Msingi wake, hata hivyo, ni wa zamani zaidi. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo, alieleza katika karne ya 11 kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni kwa mistari iliyonyooka. Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa sana Ulaya. Neno letu *mandhari* lina asili moja na hilo *manazir*.

Anayetaka kuona kazi za mapema aangalie Utatu Mtakatifu wa Masaccio, uliochorwa mnamo 1427 katika kanisa la Santa Maria Novella, ambamo nukta iko karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama kanisani. Katika Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, iliyochorwa Milan kati ya 1495 na 1498, mistari ya dari na kuta hukutana kwenye kichwa cha Yesu, na hapo kuna alama ya tundu la msumari ambao uzi ulifungwa. Ni pini na uzi, kama wewe mezani kwako.

Je, picha za Tingatinga zisizo na nukta ya kutowekea zina makosa?

Hazina. Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, hakuhitaji kumsimamisha mtazamaji mahali pamoja. Mnyama wake hujaza ubao, mandharinyuma ni rangi iliyotandazwa, na kila kiungo huonekana wazi. Vivyo hivyo picha ndogo za vitabu vya Uajemi na michoro mirefu ya Uchina, ambamo mistari sambamba hubaki sambamba na jicho husafiri kutoka tukio hadi tukio. Hizo ni namna nyingine za kupanga picha. Pespektivu ni jibu la swali moja, la jinsi mambo yanavyoonekana kwa mtu aliyesimama hapa. Anayeuliza swali jingine ana haki ya jibu jingine. Kosa ni kuanza kuchora kwa nukta kisha kuziacha katikati ya picha bila kukusudia.

Si afadhali nipige picha kwa simu na kuinakili?

Picha ya simu husaidia kukagua, lakini lenzi nyingi za simu huona eneo pana, hivyo vitu vya pembeni hunyumbuka na vya nyuma huwa vidogo kuliko ulivyoviona. Anayenakili hunakili pia kasoro hizo.

Ni zoezi gani litanisaidia kuliko mengine?

Zoezi la dirisha. Tafuta dirisha la kioo linalotazama jengo au barabara, na kipande cha sabuni kikavu au kalamu inayofutika. Simama mahali pamoja, egemeza kichwa kwenye kitu kama mgongo wa kiti kirefu ili kisitikisike, fumba jicho moja, kisha fuatisha kwenye kioo kingo za paa, ukuta na barabara kama unavyoziona. Usifikiri kuhusu nukta wakati huo. Ukimaliza, weka rula juu ya mistari ya sabuni na uirefushe. Ile iliyo sambamba na ya mlalo, inayokwenda mbali nawe, itakutana, tena kwa kimo kile kile cha jicho lako, hata kama sehemu ya kukutania iko nje ya fremu ya dirisha. Kisha inama kidogo huku ukiendelea kutazama: mchoro utabaki kwenye kioo, na jengo litaondoka chini yake.